Mti wa Krismasi: Je, unaweza kuukata porini Arua na Koboko?

Kila Desemba, familia nyingi za Kikristo katika eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hutafuta mti au tawi bichi la kupamba sebule. Je, linaweza kuchukuliwa porini bila idhini? Jibu fupi ni hapana, kwani mti huo karibu kila mara una mwenyewe.

Asili ya mti huo ni ipi?

Mti unaotumiwa zaidi ni msipresi, na wakati mwingine msonobari. Yote miwili ni migeni. Msipresi unaopandwa Afrika Mashariki ulitoka Mexico na Amerika ya Kati. Uoto wa asili kati ya Arua na Koboko ni wa savana, wenye miti kama mshea, mkwaju na mvumo. Kwa hiyo msipresi ulio kando ya shule, kanisa au boma ulipandwa na mtu, aghalabu kuwa ua, kinga ya upepo au akiba ya mbao.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 inaziweka hifadhi kuu chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, na hifadhi ndogo chini ya serikali za mitaa. Kukata mti hifadhini bila leseni ni kosa. Wakazi wa jirani wanaruhusiwa kuchukua kuni kavu na mianzi kwa kiasi cha matumizi ya nyumbani bila malipo, lakini mti mbichi haumo katika ruhusa hiyo.

Hasara yake ni nini?

Mkaratusi huchipua tena kwenye kisiki. Msipresi ukikatwa chini ya matawi yake mabichi hufa. Ukikatwa kilele, huota vilele kadhaa na shina halitoi tena mbao iliyonyooka. Pambo la wiki mbili laweza kumpotezea mkulima kazi ya miaka mingi.

Jambo hili lina uzito zaidi West Nile, ambako wenyeji na wakimbizi kutoka Sudan Kusini na Congo hutegemea kuni na mkaa. Mwaka 2023, Rais Yoweri Museveni alipiga marufuku ukataji miti kwa ajili ya mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi.

Njia gani ni salama?

Mti unaweza kununuliwa kwa aliyeupanda, au tawi la pembeni likaombwa wakati ua unapopunguzwa. Kwa kuwa Desemba ni mwanzo wa kiangazi, tawi lililokatwa hukauka na kushika moto upesi, hivyo liwekwe mbali na mishumaa na meko. Mche uliooteshwa ndani ya ndoo hauna hasara hiyo: ukimwagiliwa maji hadi mvua zirejee, waweza kupandwa shambani na kuendelea kukua.