Simiti Yenye Majivu Si Simiti Feki

Pita kwenye mjengo wowote hapa Kenya, utasikia fundi akilalamika: "Simiti ya siku hizi wameijaza majivu, wanatuibia tu." Mimi nakataa. Ukifuata historia, utaona majivu yaliingizwa kwenye simiti kwa sababu yanaifanya iwe bora.

Hebu tuanze na Warumi. Wao walichanganya chokaa na majivu ya volkeno, yakiwemo yale ya Pozzuoli karibu na Naples. Mji huo ndio uliotupa neno pozolana. Kuba la Pantheon kule Roma lina karibu miaka 1,900, halina nondo hata moja, na bado limesimama.

Kisha vikaja viwanda. Tanuri za chuma za Ujerumani zilikuwa zinatoa mavi ya chuma, yanarundikana tu kama takataka. Mwaka 1862, Emil Langen akagundua kwamba yakipozwa ghafla kwa maji yanakuwa chembechembe kama mchanga, na chembe hizo zikichanganywa na chokaa zinashika kama simiti. Taka ikawa mali.

Sasa njoo Marekani. Bwawa la Hungry Horse, jimbo la Montana, lilijengwa kati ya 1948 na 1953. Ukuta wake una urefu wa zaidi ya mita 170. Shida yao ilikuwa joto: simiti ikishika hutoa joto, na kwenye ukuta mnene hivyo joto linakwama ndani huku nje kunapoa. Hapo ndipo nyufa huanza. Wahandisi wakapunguza simiti na kuweka takriban tani 120,000 za majivu laini yanayonaswa kwenye moshi wa mitambo ya makaa ya mawe. Gharama ilishuka, ndiyo, lakini joto pia lilishuka.

Siri yenyewe ni rahisi. Simiti ikikutana na maji huacha chokaa ambayo haina kazi kubwa. Majivu huishika hiyo chokaa polepole na kuigeuza gundi zaidi. Zege linazidi kuziba na maji hayapenyi ovyo.

Sasa angalia mfuko wa simiti hapo dukani. Ukiona CEM IV/B, kiwango kinaruhusu asilimia 36 hadi 55 iwe pozolana. Hapa kwetu mara nyingi ni mawe ya volkeno yaliyosagwa. Hakuna aliyekuficha, wasee, imeandikwa!

Kinachotuponza ni haraka. Simiti hii inachelewa kupata nguvu. Ukibomoa mbao za slebu mapema, au ukikataa kumwagilia maji siku za kwanza, usilaumu majivu. Na kama ni ghorofa, muulize mhandisi ni aina gani inafaa, usinunue kwa kuangalia bei peke yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba utengenezaji wa simiti huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya kaboni duniani, na sisi tuna maganda ya mpunga Mwea na mabaki ya miwa magharibi. Yakichomwa vizuri, majivu yake yanaweza kufanya kazi hii hii. Wajerumani walianza na mavi ya chuma. Sisi tunangoja nini?