Kijana wa Nariokotome

Agosti 1984, siku ya mapumziko kambini, mtafuta visukuku Kamoya Kimeu alizunguka kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Akaona kipande kidogo cha fuvu, rangi moja na kokoto za lava zilizokizunguka. Jicho lile! Uchimbaji ukafichua sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kabla Makumbusho ya Nairobi hayajafunguliwa upya mwaka 2008, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walipinga kijana huyo aonyeshwe humo kama ndugu yetu wa kale. Mimi Mkristo, mwalimu wa baiolojia, nawapeleka wanafunzi wangu kumwona bila hofu: kazi ya Muumba haistahili kufichwa. Tunaanzia menoni. Chonge zake za utotoni za juu zilikuwa hazijang'oka, ishara kwamba alikuwa bado anakua.