Kabla Sungura Hajavaa Koti

Nyumba yenyewe haipo tena. Ukiitafuta namba 2 ya Bolton Gardens, magharibi mwa London, unakuta shule ya msingi ya Bousfield. Mabomu ya mwaka 1940 ndiyo yaliyoibomoa nyumba ya zamani, na leo kibao ukutani kinamwambia mpita njia kwamba mwandishi Beatrix Potter alizaliwa hapa. Nilifika saa za mapumziko, makelele ya watoto yakivuka ukuta, nikawa nawaza jambo moja tu: binti aliyezaliwa mahali hapa tarehe 28 Julai 1866 hakupelekwa shule kamwe.

Kwao walikuwa na mali. Babu yake, Edmund Potter, alitajirika kwa kiwanda cha kutia chapa vitambaa vya pamba karibu na Glossop. Baba yake, Rupert, alisomea uwakili ila mapenzi yake yalikuwa kwenye kamera. Katika nyumba za namna hiyo mtoto wa kiume alipelekwa bweni, wa kike akabaki na mwalimu wa nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa: mdogo wake Bertram, aliyezaliwa 1872, aliondoka kwenda kusoma, na Beatrix akabaki juu, kwenye chumba cha watoto.

Chumba hicho ndicho ninachokiita chuo chake. Watoto wale wawili walifuga humo sungura, panya, popo, vyura, mijusi, kalunguyeye, hata nyoka. Mnyama akifa hawakuishia kumlilia. Waliuchemsha mzoga mpaka nyama ikaachana na mifupa, wakaisafisha, wakaiunganisha upya, wakaichora. Msomaji anaweza kushtuka, lakini mimi naona siri yote iko hapo. Sungura wake wa kitabuni, Peter, anapovaa koti la buluu na kusimama kwa miguu miwili, koti linamkaa kwa sababu ndani yake mna mabega ya sungura kweli, na aliyemchora aliwahi kuyashika mabega hayo yakiwa mifupa mitupu.

Kila kiangazi, kuanzia 1871 hadi 1881, familia ilihamia Dalguise, Uskoti, kando ya mto Tay. Kutoka huko limebaki daftari dogo la mwaka 1875, lililo katika makusanyo ya Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert. Mna viwavi vilivyochorwa kwa rangi za maji, na kando yake mwandiko wa mtoto unaoeleza vinafananaje na vinakula nini. Umri wake ulikuwa kama miaka tisa. Hakuna kiwavi kinachotabasamu wala kilichovalishwa kofia. Alianza kwa kukiona kiumbe kilivyo, na mavazi yalikuja miaka mingi baadaye.

Masomo rasmi alipata, ingawa si mengi. Kati ya 1878 na 1883 alifundishwa kuchora nyumbani na Bi. Cameron, na akapata cheti cha serikali cha sanaa. Baadaye akaletewa mwalimu wa rangi za mafuta, na hapo akaanza kuingiwa na hofu kwamba mkono wa mwalimu ungemeza mkono wake. Nadhani alikuwa na haki ya kuogopa. Mchoraji mashuhuri John Everett Millais, rafiki wa baba yake, alimwambia kwamba wanaojua kuchora ni wengi, lakini yeye amejaliwa jicho la kuangalia. Mengine alijifundisha kwenye makumbusho. Lile la viumbe asilia lilifunguliwa South Kensington mwaka 1881, na kutoka Bolton Gardens ni mwendo wa dakika ishirini hivi kwa miguu. Niliutembea mwendo huo taratibu, nikimfikiria akibeba penseli zake.

Haya tunayajua kwa sehemu kubwa kupitia shajara aliyoiandika tangu akiwa kijana mdogo hadi miaka thelathini, kwa herufi za siri alizozibuni mwenyewe. Hakuna aliyeweza kuisoma mpaka Jumatatu ya Pasaka ya 1958, mkusanyaji wa kazi zake, Leslie Linder, alipokuta ndani yake namba ya Kirumi XVI na mwaka 1793. Akakumbuka kunyongwa kwa mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa, na ufunguo ukapatikana.

Kisha ukaja uyoga. Mwaka 1892, huko Dunkeld, Uskoti, alikaa na Charles McIntosh, mpeleka barua aliyeijua misitu ya Perthshire kama kiganja chake. Wakakubaliana: McIntosh atamtumia uyoga London kwa posta, na Beatrix atamrudishia picha. Akaanza kutumia hadubini, akaotesha vijimbegu vya uyoga nyumbani, akaandika makala ya kisayansi. Tarehe 1 Aprili 1897 makala hiyo iliwasilishwa mbele ya chama cha kisayansi cha Linnean Society na mwanamume, George Massee, kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa kuingia. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Picha zake 59 za uyoga zilikuja kutumika katika kitabu cha wataalamu mwaka 1967, miaka 24 baada ya kifo chake.

Katikati ya kazi hiyo ya uyoga, akiwa Dunkeld tarehe 4 Septemba 1893, alimwandikia barua Noel, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa mgonjwa kitandani, mwana wa Annie Moore aliyewahi kuwa mwalimu wake wa nyumbani. Akamsimulia kisa cha sungura aitwaye Peter na kumchorea. Jina la Peter alilitoa kwa sungura wake mwenyewe, aliyenunuliwa Shepherd's Bush kwa shilingi 4 na peni 6. Miaka hiyohiyo alikuwa akichora picha nane za hadithi za Uncle Remus, zile za sungura mjanja ambaye Waafrika waliouzwa utumwani walivuka naye bahari hadi Marekani. Anayemjua Sungura wa hadithi za bibi zetu hatashangaa kumwona Peter akiponea chupuchupu.

Miaka saba ikapita. Beatrix alipofikiria kukifanya kisa kile kitabu, kile ambacho angekichapisha kwa fedha zake mwenyewe Desemba 1901, nakala 250, hakuwa na nakala ya barua. Akamwomba Noel amwazime yake kama bado ipo. Ilikuwa ipo, kijana alikuwa ameitunza.