Uzi na Msumari: Habari za Vyombo vya Kushona, Baharini na Ziwani

Katika Wilaya ya Butiama, Mkoa wa Mara, imo kata iitwayo Buswahili. Msomaji wa visiwani akilikuta jina hilo kwenye ramani hutabasamu, kana kwamba ameona jamaa yake mahali asipomtarajia. Lakini si ajabu: kiambishi Bu- katika lugha za huko hufanya kazi ifanywayo na U- yetu, ndiyo maana tukawa na Buganda, Bujita na Bukerewe. Kutoka Bagamoyo hadi ufuoni mwa ziwa lile msafara wa Stanley ulitumia zaidi ya siku mia moja, kuanzia Novemba 1874 hadi mwishoni mwa Februari 1875. Mbali kiasi hicho na maji ya chumvi, palikuwapo ufundi ambao sisi wa pwani tumezoea kuuhesabu kuwa wetu peke yetu, nao ni ufundi wa kushona chombo.

Nianze na nchi yenyewe. Si mbali na Buswahili, Mto Mara, utokao Msitu wa Mau nchini Kenya, hupoteza mwendo wake ndani ya mafunjo kabla ya kuingia ziwani karibu na Musoma. Funjo ni mmea wa kutazamwa kwa makini. Shina lake lina pembe tatu, halina pingili hata moja, na ndani yake mmejaa nyama nyepesi kama sifongo. Upepo wa ziwa ukivuma, funjo huinama lote, kisha hurudi. Mwanzi wenye pingili hulinda kimo chake kwa ukakamavu. Funjo hulinda kimo chake kwa kukubali kuinama. Watu wa huko hulisuka majamvi na kuezekea nyumba. Chini ya mafunjo hayo huishi kambale na kamongo, samaki wenye miili laini wawezao kupenya penye matope na mizizi.

Hapo ndipo nilipoielewa upya methali yetu isemayo samaki mkunje angali mbichi. Sisi huitumia kwa malezi ya watoto, na wengi wetu hatujapata kumkunja samaki yeyote. Pande za ziwa kambale hukunjwa hasa: mkia huletwa mdomoni, samaki akawa duara, kisha akawekwa juu ya moshi. Kazi hiyo ina wakati wake. Samaki aliyekufa hukakamaa baada ya muda, na akisha kukaushwa hakunjiki tena, huvunjika. Methali, basi, ni maelekezo ya jikoni kabla ya kuwa mawaidha.

Kiswahili chetu kina maneno ya kutosha katika jambo hili, ila tunayachanganya. Ugumu si ukakamavu, wala ukakamavu si nguvu. Kioo kimekakamaa, lakini jiwe la mtoto hukimaliza. Ukamba wa makumbi ni laini mkononi, lakini nahodha huufungia jahazi. Na kile kinachoinama kisha kikarudi katika hali yake, kama upinde, twakiita kinyumbufu. Kisichorudi, kama bati au waya laini, ni kitu kingine kabisa. Upinde wenyewe huhitaji vyote viwili: mti ukiwa mkavu mno hukatika mkononi mwa mpigaji, ukiwa mbichi mno haurushi mshale. Ajabu iliyoje kwamba wanasarufi wetu walipotafuta jina la tabia ya kitenzi kuzaa vitenzi vingine, walichagua neno hilohilo: mnyumbuliko. Shona, shonea, shonesha, shoneka, shonwa, shonua. Mzizi haubadiliki, na mwili unainama kila upande.

Sasa tuje kwenye vyombo. Habari ya zamani kuliko zote tulizonazo kuhusu pwani yetu imo katika kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Masihi, kiitwacho Periplus. Mwandishi wake asema kuwa mji wa mwisho wa biashara katika pwani hii uliitwa Rhapta, na kwamba uliitwa hivyo kwa sababu ya mashua zake za kushona. Neno la Kigiriki lenyewe lina maana hiyo. Ataja pia kisiwa, Menouthias, chenye mashua za kushona na mitumbwi ya gogo moja, ambazo wenyeji walizitumia kuvulia samaki na kasa. Kwa hiyo jina la kwanza la mji wa pwani yetu kuandikwa na mgeni halikutokana na mfalme wala mlima. Limetokana na uzi.

Uzi huo ulidumu. Mwaka 1498 watu wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji, waliandika kwamba vyombo vya nchi hiyo havikuwa na misumari, mbao zimeshikana kwa kamba, na matanga yao ni ya mikeka. Katika visiwa vya Lamu chombo cha namna hiyo kiliitwa mtepe, nacho kilikuwa na omo ndefu iliyochongoka kwenda mbele, ambayo watu waliifananisha na shingo ya ngamia, na tanga moja la mraba la ukindu. Mitepe ilibeba boriti za mikoko na shehena nyingine hadi Mombasa na Unguja. Iliendelea kuonekana baharini mpaka miaka ya 1930, ikatoweka. Mwaka 1941 Mwingereza James Hornell alipochapisha makala yake juu ya mtepe na dau la Lamu, alikuwa anaandika karibu na tanzia.

Kwa nini washone, ilhali chuma walikuwa nacho? Swali hili limeulizwa na wageni kwa karne nyingi, na majibu yao yanatufunza zaidi habari za wenyewe kuliko habari za chombo. Wako waliosimulia kuwa baharini mna miamba ya sumaku ichomoayo misumari. Marco Polo, aliyeziona merikebu za kushona huko Hormuz katika karne ya 13, alizidharau mno, akasema nyingi hupotea baharini. Mbao zake, alisema, ni ngumu na kavu kama vyungu, ukizipiga msumari hupasuka. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na baadaye akakaa Maldivi, alilitazama jambo kwa jicho la msafiri aliyelala ndani ya vyombo hivyo. Yeye alieleza kwamba bahari hii ina miamba mingi: merikebu ya misumari ikigonga jabali huvunjika, bali iliyoshonwa kwa kamba hulegea kidogo, ikapona. Kwa fikira zangu huyu ndiye aliyepata, ingawa Polo naye hakusema uongo. Ubao usionyumbuka ukitobolewa na chuma hubeba mkazo wote pale penye tundu, na ufa huanzia hapo. Mshono huutawanya mkazo huo juu ya matundu mamia, kila moja likibeba haba yake. Tena chuma ndani ya mti uliolowa chumvi hutoka kutu, na kutu huula ubao unaoizunguka.

Lakini haikuwa kazi rahisi, na hapa naomba msomaji asichoke, maana sifa za mtepe zimeimbwa na wengi wasioufikiria mkono uliouunda. Kwanza kamba. Makumbi ya nazi huzikwa ufuoni, penye maji kupwa na maji kujaa, yakae miezi mpaka nyama yake ioze. Kisha hufukuliwa, yakapondwa, zikabaki nyuzi za usumba, nazo zikasokotwa kwa viganja. Unguja kazi hii imekuwa ya wanawake. Chombo kimoja kilihitaji kamba nyingi ajabu. Kabla fundi hajashika tezo, akina mama walikuwa wamekwisha kuijenga nusu ya jahazi. Halafu matundu. Fundi aliyatoboa kwa keke, chombo chenye upinde wake mdogo unaozungusha kekee mbele na nyuma. Nao upinde huo ni mnyumbufu. Kila tundu la ubao wa chini lilipaswa kuelekeana na tundu la ubao wa juu. Likikosea upana wa kidole, kamba huvuta upande, na mshono huwa na kinywa. Mbao zilishonwa kwanza zikawa gamba, ndipo mataruma yakatiwa ndani na kufungwa kwa kamba vilevile. Matundu yakazibwa, nje kukapakwa deheni ya chokaa na shahamu.

Na bado kilivuja. Chombo kinachonyumbuka hufungua mishono yake kila kinapopanda wimbi, na maji hayangoji kualikwa. Baharia wa mtepe alikuwa na upo mkononi usiku na mchana, akifua maji. Kamba nayo huchoka. Ilibidi chombo kipandishwe pwani, kishonuliwe, kishonwe upya. Aidha hakiwezi kurefushwa upendavyo, kwani kikiwa kirefu mno hulegea katikati. Haya ni madhaifu ya kweli, na mwenye kuusifu mtepe bila kuyataja anauza mbuzi ndani ya gunia.

Ziwani habari ilikuwa hiyohiyo kwa sura nyingine. Mitumbwi mikubwa ya Baganda na watu wa visiwa vya Sese ilikuwa na mkuku wa gogo refu uliotokeza mbele ya chombo, na mbao za ubavuni zilizoshonwa kwa nyuzi za miti. Mwaka 1875 Stanley aliikuta kwa mamia katika vita vya Kabaka Mutesa dhidi ya watu wa Buvuma, mingine ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 20. Hakuna nazi huko, hakuna usumba, hakuna deheni yetu, na mikono ikafikia hukumu ileile: ubao na ubao uungwe kwa kitu kinachokubali kucheza. Sioni haja ya kutafuta nani aliyemfunza mwenzake. Wimbi la ziwa lile, likikorogwa na upepo wa ghafla, ni mwalimu wa kutosha.

Stanley mwenyewe alikuja na chombo cha falsafa nyingine, Lady Alice, mashua iliyoundwa Uingereza kwa vipande vitano ili ibebwe mabegani. Waliobeba walikuwa wapagazi wa pwani na Unguja, na waliopiga makasia walikuwa hao hao. Machi 1875 waliizungusha mashua hiyo kando ya ziwa, wakipita pwani ambayo leo ni ya Bunda na Musoma. Baadaye, alipotaka kuuvusha msafara wote kwenda Buganda, Stanley aliomba mitumbwi kwa Rukonge, mfalme wa Bukerewe, akapewa. Juni mwaka huo, usiku, katikati ya ziwa, mitumbwi kadhaa ilianza kufumuka na kuzama mmoja baada ya mwingine. Watu waliokolewa gizani kwa makelele na kwa Lady Alice, mali ikapotea. Msomaji wa kitabu chake hubaki na picha ya ufundi duni. Mimi nasoma jambo jingine. Mitumbwi ile ilikuwa mikuukuu, imechoka, na ilipakiwa watu, bunduki, nafaka na mizigo ya msafara. Mshono ni ahadi inayofanywa upya kila msimu, na ile haikuwa imefanywa upya. Msumari nao huzeeka, ila uzee wake umo ndani ya mti, hauonekani kwa mpakizi.

Msumari ulishinda pande zote mbili. Jahazi la misumari lilibeba zaidi, lilivuja kidogo, na halikuhitaji kijiji kizima kusokota kamba. Ziwani leo jina la Sese lingalipo, likimaanisha mtumbwi wa mbao wenye mkuku, lakini mbao zake hupigiliwa. Silii sana. Mvuvi anayeamka saa tisa usiku hana wajibu wa kutunza makumbusho.

Linalonigusa zaidi, kama mtu wa beti, ni ule ugomvi wetu uliozuka mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi. Wanamapokeo, wakishika kanuni alizoziandika Sheikh Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, walisema yale si mashairi, kwa kuwa hayana vina wala mizani. Wenzao wakajibu kuwa vina ni pingu. Kila upande ulidhani kanuni ni msumari, huu ukiutaka, ule ukiuchukia. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Rukonge, na angeweza kuwaambia wote kwamba kipo kifungo cha namna nyingine. Kina kwangu ni tundu la keke: limepimwa lielekeane na mwenzake, na ni kipimo hicho kinachouruhusu mshororo kucheza bila kufumuka. Fundi asiyepima hapati chombo kinyumbufu, hupata mbao zinazoelea. Na Butiama, ng'ambo ya ghuba kutoka Ukerewe, palikuwa na mtu aliyefanya yote mawili bila kugombana na yeyote: Mwalimu Nyerere alimfasiri Shakespeare kwa mistari isiyo na vina, Juliasi Kaizari ikitoka kwanza mwaka 1963, kisha akaziweka Injili katika tenzi zenye vina vyake, zikachapishwa mwaka 1996. Sisi wafasiri tungefaa kumsoma kwa ajili ya hilo peke yake.

Mtepe ulirudi mara moja. Mwaka 2003, Unguja, mafundi waliushona mmoja, ukaitwa Shungwaya, ukawekwa katika ukumbi wa ndani wa Beit al-Ajaib. Hapakuwa na mtepe hai wa kuigiza. Ilibidi kutegemea mifano midogo na maandishi ya watu kama Hornell. Jengo lenyewe Seyyid Barghash alilijenga mwaka 1883 kwa nguzo za chuma cha kusubu, wakati nyumba jirani za mji zilikuwa na dari za boriti, vyumba vikiwa vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki zaidi ya urefu wake. Wageni walipita kati ya nguzo zile kukitazama chombo kisicho na msumari hata mmoja. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, upande mmoja wa Beit al-Ajaib uliporomoka na mnara wake, na watu wawili wakafariki dunia. Mungu awarehemu.