Missa Luba: Sauti za Kamina katika Santuri

Mji wa Kamina, katika Katanga, kusini mwa Kongo, ukitajwa mbele ya wageni, aghalabu wao huulizia habari za uwanja mkubwa wa ndege za vita uliojengwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili, ama habari za reli, kwani hapo ndipo njia itokayo Lubumbashi igawanyikapo, moja ikaelekea Ilebo na ya pili ikaenda Kabalo mpaka Ziwa Tanganyika. Na ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza juu ya kile kilichotoka Kamina kikasikilizwa katika nchi ambazo wenyeji wake hawajui Kamina iko upande gani wa dunia, nacho ni santuri ya Misa iitwayo Missa Luba, iliyoimbwa na watoto wa shule pamoja na waalimu wao.

Mwaka 1953 alifika Kongo padre wa shirika la Wafransisko, Guido Haazen, mzaliwa wa Antwerp, akawekwa kuwa mkuu wa shule kuu ya Kamina. Na mwaka uliofuata akaunda kwaya ya wavulana wapatao 45, wenye umri wa miaka tisa hadi kumi na minne, na waalimu kama 15, akaipa jina la mfalme kijana wa Ubelgiji: Les Troubadours du Roi Baudouin. Wakati huo, katika misheni nyingi, ngoma ilihesabiwa kuwa mambo ya ushenzi, na Mkristo mwema alikuwa yule aliyejifunza nyimbo za Ulaya kwa kinanda. Lakini miongoni mwa Wafransisko wa Katanga walikuwako waliokuwa na fikira nyingine. Mwenzao Placide Tempels alikwisha kutoa mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, alichokitunga kutokana na maisha yake pamoja na Waluba, wenyeji wa huko. Na Papa Pius XII naye, katika waraka wake wa Desemba 1955 juu ya muziki mtakatifu, aliwataka wamisionari wazipe heshima nyimbo za mataifa wanayoyahudumia. Fadhila ya Haazen, kwa maoni yangu, ni kwamba alikuwa na subira ya kusikiliza, na subira hiyo haikuwa mali ya kila mtu katika zama zile.

Sasa tutazame jinsi Misa yenyewe ilivyopatikana, maana hapa ndipo penye asili ya mambo yote. Hapakuwa na mtunzi aliyeketi mezani akaandika nota. Maneno yalikuwa ya Kilatini, kwa sababu sheria ya Kanisa haikuruhusu lugha nyingine katika sala hizo. Ama lahani, hizo zilizaliwa mazoezini, mmoja akianzisha na wengine wakiitika, hata wimbo ukakaa. Kyrie na Gloria zilifuata namna ya kasala, yaani maghani ya sifa na maombolezo ambayo Waluba huyasoma hasa penye msiba. Na ndani ya Credo, pale panapotajwa kusulubiwa, kasala hurudi ikiwa safi kabisa, kwa kuwa ni mauti yanayotajwa, na mauti kwa Mluba yana sauti yake maalumu. Sanctus ilishikamana na wimbo wa kuagana, Hosanna ikachukua mwendo wa ngoma ya Kasai, na Agnus Dei ikatokana na wimbo wa watu waitwao Bena Lulua. Anayeisikiliza Sanctus husikia kwanza mlio mdogo wa vyombo vya kupigwa, kisha sauti ya mwanamume ikipanda taratibu bila haraka yoyote, na watoto wakiipokea kwa upole. Halafu, bila ya kutazamiwa, Hosanna inakuja kwa kasi, na miguu ya msikilizaji haitaki tena kutulia.

Tarehe 23 Machi 1958 Misa hiyo iliimbwa kwa mara ya kwanza katika misheni ya Mtakatifu Bavo, Kamina. Mwaka huo huo kwaya ikasafirishwa Ulaya, ikaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Nataka msomaji akumbuke kwamba katika maonyesho hayo hayo Wakongo wengine waliwekwa nyuma ya ua, katika kijiji cha kubuni, wakitazamwa na umati, hata mwezi wa Julai wakakataa kuvumilia dharau na wakaondoka. Basi mahali pamoja, katika msimu mmoja, watu wa nchi moja walishangiliwa kwa sauti zao na wakadhalilishwa kwa miili yao. Sioni kwamba shangwe ile ilifuta aibu ile.

Mwaka huo huo kampuni ya Philips ikainasa Misa katika santuri, pamoja na nyimbo kadhaa za kienyeji. Toka hapo ilikwenda yenyewe. Mwaka 1964 Pasolini, mtengeneza filamu wa Kiitalia, aliitia Gloria katika filamu yake ya Injili ya Mathayo. Na mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson akaitia Sanctus katika filamu yake iitwayo If...., habari ya wanafunzi wanaoasi shule yao, hata vijana wa London wakainunua Sanctus madukani kama wanunuavyo nyimbo za dansi.

Lakini santuri ina tabia yake: huhifadhi sauti na papo hapo huigandisha. Kile kilichokuwa kikibadilika kila kilipoimbwa, kwa hiari ya mwimbishaji na kwa hali ya siku ile, kikawa sasa kitu kimoja kisichobadilika. Na kitu cha namna hiyo, katika kaida za biashara ya muziki, lazima kiwe na mwenyewe. Jina lililokaa mahali pa mwenyewe ni la padre. Simshutumu kwa dhuluma, kwa kuwa bila ya juhudi yake pengine tusingelisikia lolote. Ila nasema wazi kwamba lahani zilikuwa za Waluba na jirani zao, ubunifu ulikuwa wa waalimu na watoto wa Kamina, na sauti ile inayopanda juu ya wengine wote ni ya Joachim Ngoi, mwalimu wa shule ile ile, ambaye jina lake lastahili kutajwa kila Misa hiyo itajwapo. Nota zilizochapishwa baadaye, ambazo kwaya za Ulaya na Marekani huziimba, zilifuata yale waliyoyabuni hao kwa vinywa vyao.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, na siku kumi na moja baadaye Katanga ikatangaza kujitenga, Kamina ikawa mji wa askari na hofu, wala haukuwa wakati wa kwaya kusafiri. Nchini Kongo kwenyewe Kanisa liliendelea na njia ile iliyofunguliwa, mpaka mwaka 1988 Roma ilipoukubali utaratibu wa Misa ya majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, yenye ngoma na mwendo wa kucheza. Na miaka miwili baada ya hapo, kwaya ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi Missa Luba upya kwa kampuni ile ile ya Philips. Wako wanaolalamika kwamba Wakenya hao hawakuifuata santuri ya kwanza neno kwa neno. Mimi nawasifu kwa sababu hiyo hasa, kwani waimbaji wa Kamina nao wasingeliifuata.