Mtumishi wa nyumbani na mkataba wake: Kutoka Kongo hadi Berchem-Sainte-Agathe

Ilichukua miaka 70 kwa sheria za Ubelgiji kumtambua mtumishi wa nyumbani kuwa mfanyakazi mwenye mkataba. Historia hiyo inawagusa pia Waafrika wanaowatunza wazee mjini Brussels.

Leo tunakwenda Berchem-Sainte-Agathe, au Sint-Agatha-Berchem kwa Kiholanzi, moja kati ya manispaa 19 za jimbo la Brussels. Hapo ndipo msanifu majengo Victor Bourgeois alipoujenga mtaa wa Cité Moderne, kazi iliyoanza mwaka 1922.

Mwaka huo huo, mbali na hapo, Ubelgiji ilitoa amri katika koloni lake la Kongo. Amri hiyo ya Machi 16, 1922 ilisimamia mikataba ya Waafrika waliofanya kazi kwa mabwana wa Kizungu, na mfanyakazi aliyekiuka mkataba aliweza kutiwa gerezani. Ubelgiji kwenyewe mambo yalikuwa kinyume. Sheria ya mkataba wa kazi ya Machi 10, 1900 iliwaacha nje watumishi wa nyumbani. Kule mkataba ulikuwa pingu. Huku haukuwepo kabisa.

Sheria ya kuwalinda ilipatikana Aprili 24, 1970, na mwaka 1978 mkataba wao ukaingizwa katika sheria moja na mikataba ya wafanyakazi wengine. Hata hivyo, wengi walioajiriwa na familia kwa saa chache waliendelea kukosa hifadhi ya jamii hadi mwaka 2014. Mwaka uliofuata, Ubelgiji iliuridhia Mkataba nambari 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mjini Geneva mwezi Juni mwaka 2011.

Wakati huo huo kazi yenyewe iligawanyika. Sheria ya mwaka 2001 ilianzisha hundi za huduma: mwenye nyumba hununua hundi, naye anayesafisha, kufua na kupika huajiriwa na kampuni iliyoidhinishwa. Kumwogesha mgonjwa au kumtibu si sehemu ya kazi hiyo. Kwa upande wa afya, mwaka huo huo wa 2001 ilitambuliwa kada ya wasaidizi wa wauguzi, na maagizo ya mwaka 2006 yakaeleza masharti ya kuandikishwa kwao na kazi wanazoruhusiwa kufanya chini ya usimamizi wa muuguzi. Tangu mwaka 2019 wanaweza kuongezewa majukumu, lakini baada ya mafunzo ya saa 150.

Mpenzi msikilizaji, hapa ndipo penye mtihani kwa wahamiaji. Mama aliyesomea uuguzi Bukavu au Bujumbura hawezi kufanya kazi hiyo Ubelgiji mpaka cheti chake kitambuliwe. Akisubiri, huenda akakubali kazi ya usafi kwa mzee anayeishi peke yake. Siku moja familia inamwomba amchome mzee sindano, kwa kuwa wanajua anaweza. Mikono yake inajua, lakini sheria haimruhusu. Mzee akidhurika, wema wake hautamtetea.

Ndiyo maana mkataba ulioandikwa unapaswa kusema waziwazi nani mwajiri, saa ngapi, mshahara gani na kazi zipi. Mwenye kuusoma kabla ya kutia saini anapata neno la kujibu anapoombwa lisilo lake, na mzee naye anahakikishiwa kuwa anayemhudumia amefunzwa. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Jasho nalo ni mali.

Karatasi iliyoweza kumfunga mtumishi wa Kongo leo inaweza kumlinda mjukuu wake katika nyumba ya Berchem-Sainte-Agathe, mradi aijue inasema nini.