Mti Ulioteketea Tanuruni: Uchaguzi wa Mbao na Vifaa vya Asili katika Ujenzi wa Kinyangiri

Ikisiri

Mjadala kuhusu ujenzi unaolinda misitu huanza na mbao za paa. Makala haya, yakitazama kata ya Kinyangiri, wilayani Mkalama, mkoani Singida, yanadai kuwa mahali pa kuanzia ni ukuta. Katika nyumba ya matofali ya kuchoma, kuni zilizoteketea tanuruni kwa kawaida huzidi mbao zilizopaua nyumba hiyo. Yanadai pia kuwa kifaa cha ujenzi hakiwi rafiki wa msitu kwa sababu tu kimetoka porini. Kipimo kinachopendekezwa ni muda: jengo lidumu kuliko miaka inayohitajika kuurudisha mti uliolijenga.

1. Utangulizi

Mavuno yakishaingia ghalani, vijiji vya Nyanda za Kati huingia katika msimu wa ujenzi. Matofali hufyatuliwa, huanikwa, hupangwa tanuru, kisha huchomwa kabla mvua za Novemba au Desemba hazijaanza. Kinyangiri imo katika mkondo huo. Ni kata ya Mkalama, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 kutoka Iramba, katika ukanda wenye msimu mmoja wa mvua, takribani milimita 600 hadi 800 kwa mwaka. Katika nchi kavu kiasi hicho, mti uliokatwa hauna pupa ya kurudi.

Mkazi wa hapa anapotaka kujenga hushauriwa aachane na mbao za magendo na anunue zenye kibali. Ushauri huo ni sahihi, lakini unamfikia mlangoni wakati hasara imeshatokea uani. Kenchi, papi, milango na fremu vinahesabika kwa macho, na fundi anaweza kuviorodhesha katika karatasi moja. Magogo yaliyolisha tanuru hayaandikwi popote. Nyumba ikikamilika yamekwisha kuwa majivu, na mwenye nyumba anaamini kwa moyo safi kwamba amejenga kwa udongo.

2. Tembe na deni lake

Nyumba ya kale ya Wanyiramba, kama ya Wanyaturu na Wagogo, ni tembe: kuta za miti iliyosimamishwa na kukandikwa udongo, nguzo zenye panda zinazobeba boriti, fito juu ya boriti, majani au matawi juu ya fito, na mwisho tabaka nene la udongo. Udongo huo hupunguza makali ya jua la Oktoba na hutunza joto katika usiku wa baridi wa Juni na Julai. Hakuna sababu ya kuionea aibu elimu hiyo.

Hata hivyo, heshima hiyo isitufumbe macho. Paa la udongo ni zito, na likilowa mvua huwa zito zaidi. Linadai nguzo nene na boriti zilizokaribiana. Nguzo zilizochimbiwa ardhini huliwa na mchwa, zikaoza kwenye usawa wa ardhi, zikadai nyingine. Watu walipokuwa wachache na makazi yametawanyika, pori liliweza kulipa deni hilo. Mwaka 1973 serikali iliagiza kwamba watu wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Kaya nyingi zikasogezwa pamoja, na miti iliyo katika umbali wa kutembea ikaanza kubeba mzigo wa kijiji kizima. Tembe iliyolingana na makazi yaliyotawanyika haiwezi kurejeshwa vilevile katika makazi yaliyosongamana. Tunachoweza kurithi ni busara yake ya udongo mnene, huku tukipunguza nguzo zake.

3. Nyumba bora na moto

Kampeni za nyumba bora zilitaka kumwondoa mwanakijiji katika paa linalovuja. Mwaka 1977, katika tathmini ya miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alikemea tabia ya kusubiri saruji na bati ilhali udongo wa kufyatulia matofali na vigae upo karibu. Hoja yake ilikuwa kujitegemea, na katika hilo alikuwa sahihi: kijiji kinachosubiri mzigo wa kiwandani ili kijenge darasa kimeikabidhi hatima yake kwa wengine. Lakini tofali la kuchoma, lililopendekezwa kama njia ya kujitegemea, lina utegemezi wake pia. Linategemea msitu.

Udongo hauwi tofali gumu mpaka ufikie nyuzi joto za Selsiasi kati ya 800 na 1,000 hivi, na moto udumu humo kwa saa nyingi. Tanuru la kijijini ni rundo la matofali mabichi lililokandikwa tope kwa nje, lenye matundu ya kutilia kuni chini. Joto jingi hupotelea hewani. Matofali ya katikati huiva, ya pembeni hubaki nusu mabichi, na baadhi hayafai tena kujengea. Fito hazitoshi kwa kazi hiyo. Hutafutwa magogo ya miti migumu inayoshika moto usiku kucha.

Gharama hiyo haimwangukii anayejenga peke yake. Mtundu na miti mingine ya miombo ndiyo inayowapa nyuki chakula, na asali ni miongoni mwa mazao yanayolitambulisha jina la Singida. Katika wilaya hii hii ya Mkalama, upande wa Munguli, wanaishi Wahadzabe, ambao pori kwao ni ghala la asali, mizizi, matunda na nyama. Karibu zaidi na nyumbani, mwanamke anayetafuta kuni za kupikia hulazimika kuongeza mwendo kila tanuru linapowashwa. Tofali la kuchoma linaitwa rahisi kwa sababu watu hao wote hawajaandikwa katika hesabu yake.

4. Ukuta kwanza

Njia mbadala zipo, na zote ni za udongo na mawe. Ya kwanza ni matofali ya kufungamana, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001, umeyahimiza kwa miaka mingi. Udongo wenye mchanga wa kutosha huchanganywa na saruji kidogo, kwa kawaida kati ya sehemu 5 na 10 kwa mia, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali huwekwa kivulini na kumwagiliwa maji kwa wiki kadhaa. Halipiti motoni. Kwa kuwa matofali hayo hushikana yenyewe, saruji ya kuungia hupungua sana. Sharti lake ni kujua udongo: ule mweusi wa mbugani, unaovimba kwa maji na kupasuka kwa jua, haufai.

Njia ya pili ni tofali bichi lililojengwa kwa uangalifu. Adui wa tofali bichi ni maji. Likiinuliwa juu ya msingi wa mawe, likafunikwa kwa paa lenye upenu mpana na kupigwa lipu inayokarabatiwa kila baada ya masika, linaweza kuishi kizazi na zaidi. Uwanda wa Iramba na Singida umejaa miamba ya matale, kwa hiyo mawe ya msingi si ya kusafirishwa kutoka mbali. Na pale ambapo jamii bado itachoma, moto upate chakula kingine: mashine za kukamua alizeti huacha maganda mengi, na pumba za mpunga tayari huchomea matofali katika sehemu nyingine za nchi.

Anayedhani kwamba udongo ni wa maskini atazame Gando, nchini Burkina Faso. Mwaka 2001 msanifu majengo Francis Kéré alikamilisha hapo shule ya msingi ya matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji kidogo, chini ya paa la bati lililoinuliwa juu ya fito za nondo ili hewa ipite. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker. Ukuta wake haukuhitaji tanuru, na paa lake halikuhitaji boriti za miti.

5. Paa: kupima mti kwa miaka yake

Ukuta ukishapatikana bila moto, swali la mbao linabaki dogo na linajibika. Hapa ndipo kipimo cha muda kinapofanya kazi. Mninga huchukua miaka inayokaribia 80 au zaidi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Kuukata ili kupata papi litakalofichwa na dari ni matumizi mabaya ya karne. Msindano wa mashamba ya Sao Hill, wilayani Mufindi, huvunwa ukiwa na miaka ipatayo 18 hadi 25. Kenchi iliyokauka vizuri, ikatiwa dawa na kukaa chini ya bati lisilovuja, huweza kuishi zaidi ya muda huo. Mninga ubaki kwa milango na samani ambazo wajukuu watazirithi, tena utoke mahali panapovunwa kwa mpango.

Mahali hapo si ndoto. Msitu wa Mgori, wenye zaidi ya hekta 40,000 mkoani humu humu Singida, ulikuwa mbioni kufanywa hifadhi ya serikali. Katikati ya miaka ya 1990 ukawekwa mikononi mwa vijiji vitano vinavyouzunguka, vikaweka walinzi na kanuni zake. Uzoefu wa namna hiyo ulichangia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayotambua msitu wa hifadhi wa kijiji na haki ya kijiji kupata mapato yake. Kilwa, mwaka 2009, vijiji vinavyotunza mpingo vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu. Kijiji chenye mamlaka juu ya mti wake kina sababu ya kuulinda.

Kinyangiri inaweza pia kupanda paa lake. Mwarobaini na mjohoro huvumilia ukame. Mgrivea hupandwa mipakani mwa mashamba yenye unyevu kiasi. Nchini Kenya, Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, kwa ushirikiano na shirika la JICA la Japani, imeboresha mbegu za mukau katika mashamba ya Kitui na Kibwezi. Mukau ni mti wa asili wa nchi kavu za Afrika Mashariki, mbao zake huwashinda mchwa, na huvunwa baada ya miaka kati ya 10 na 15. Mti huo unastahili majaribio ya dhati Mkalama. Mkaratusi nao una nafasi yake kwa nguzo na mirunda, ila uwekwe mbali na chemchemi na visima.

Dawa ya mbao nayo ni sehemu ya uchaguzi. Oili chafu inayopakwa kwenye kenchi hulinda kwa juujuu tu na huchafua udongo na maji. Chumvi za boroni zinatosha kwa mbao zilizo ndani na zisizolowa. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki zinadumu hata zikigusa ardhi, lakini vipande vyake visipelekwe jikoni kamwe, kwa maana moshi na majivu yake ni sumu.

6. Pingamizi la gharama

Pingamizi zito ni la fedha. Tofali la kuchoma hudai jasho na kuni za bure. Tofali la kufungamana hudai mashine na saruji, yaani pesa taslimu, ambayo mkulima huipata mara moja kwa mwaka. Hoja hii ni ya kweli na haijibiwi kwa mahubiri. Inajibiwa kwa kugawana mashine. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kimoja cha vijana chenye mashine ya kufyatulia kinaweza kuhudumia kata nzima na kupata kipato kila kiangazi.

Jibu la pili liko katika majengo ya umma. Mwaka 2021 serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 kujenga madarasa 15,000 nchini. Mradi wa ukubwa huo hufundisha kuliko semina yoyote, kwa kuwa fundi wa kijiji huiga alichokijenga shuleni. Mchoro wa darasa ukitaja ukuta usiochomwa na mbao za mashambani, ufundi huo utahamia majumbani bila amri. Pale nguvu za wananchi zinapodaiwa, kijiji kiombwe mawe, mchanga na maji, kisiombwe matofali ya kuchoma.

7. Hitimisho

Uchaguzi wa mbao endelevu Kinyangiri hautakamilika dukani kwa muuza mbao. Unaanza siku mwenye nyumba anapoamua ukuta wake uwe wa nini, na unaendelea katika ofisi ya kijiji inayopanga matumizi ya msitu na katika halmashauri inayoidhinisha michoro. Hatua ya kwanza ni nyepesi na haihitaji mfadhili: kila makadirio ya ujenzi wa umma wilayani yaorodheshe kuni za tanuru pamoja na mbao za paa, kwa bei yake halisi. Hesabu hiyo ikiwekwa mezani, wananchi wa Kinyangiri watakuwa na msingi wa kuamua ni nyumba gani iliyo rahisi kweli.